Mashine ya Kutuambia Tunachokijua

Kuna watu hapa duniani ambao mtandao wao ukikatika ni habari. Wanashtuka, wanapigiana simu, wanaandikiana ripoti, na mwisho wa mwezi wanakaa kikao kutafuta wa kulaumiwa. Watu hao ndio waliotunga programu za kusimamia mitandao, na sina ugomvi nao, maana kila mtu hujilinda na kile kinachomtisha. Ugomvi wangu ni na aliyeamua kwamba programu hizo ziletwe Kongolo, mji wetu wa jimbo la Tanganyika, Congo.

Huku kwetu mtandao ukikatika hakuna anayeinua kichwa. Mama mhasibu anafunga kompyuta, anafunua sahani yake ya bukari na sombe, na maisha yanaendelea. Kinachotutia wasiwasi ni mtandao ukikaa mchana kutwa bila kukatika. Hapo ndipo watu wanaanza kuulizana kwa sauti ya chini: kuna mkubwa gani anakuja?

Agizo lilishuka kutoka Kalemie. Shirika linaloniajiri, ambalo sitalitaja kwa sababu mshahara bado unatoka kwake, lina ofisi kuu huko makao makuu ya jimbo, kando ya ziwa, na vijiofisi kama chetu huku ndani. Shefu alikuwa amerudi kutoka semina. Ninyi mnaofanya kazi maofisini mnaijua hatari ya shefu aliyerudi kutoka semina. Semina hii ilikuwa na projekta, na kwenye projekta walionyeshwa ramani ya vituo, kila kituo na kitaa chake: kijani kikiwa hai, chekundu kikiwa kimekufa. Shefu aliipenda ramani ile kupita kiasi. Akataka na yeye awe na yake, aifungue asubuhi na kikombe cha kahawa, aone Kongolo, Kabalo, Nyunzu na Manono zikimwaka mbele yake. Barua ikaja: fundi wa Kongolo asakinishe mfumo wa usimamizi wa mtandao kwenye seva, haraka iwezekanavyo.

Fundi wa Kongolo ni mimi. Mimi pia ni fundi wa printa, wa dishi, wa simu ya mama mhasibu, na wa vipaza sauti vya parokia Jumapili.

Seva yenyewe ilikuja kwa reli. Ilipakiwa Lubumbashi, ikapita Kamina, ikafika Kabalo, ikapanda mpaka kwetu ikiwa na harufu ya sabuni ya kufulia iliyosafiri nayo behewa moja. Ni chuma kizito, kina feni nne zinazonguruma mfululizo, na kinakula umeme kuliko taa zote za ofisi zikijumlishwa. Nilikuwa nimeandika mapema kwamba betri zetu za sola hazitakiweza. Nilijibiwa kwamba seva ni ya kisasa. Basi nikaiwasha. Inveta ikalia, ikalia tena, ikajizima, na pamoja nayo ruta, swichi, dishi na feni ya mezani ya mama mhasibu. Kwa hiyo tukio la kwanza ambalo mfumo wa kulinda mtandao wetu ungepaswa kuliripoti ni kuwasili kwa mfumo wenyewe.

Papa Zamu akaja na tochi. Huku zamu ndiye mlinzi wa usiku, lakini wetu anaonekana hata mchana, kwa sababu ndiye mwenye ufunguo wa jenereta, ndiye anayejua dumu la mazutu limefichwa wapi, na ndiye anayepanda juu ya bati kufuta vumbi kwenye mabamba ya sola. Akaitazama ile mashine kwa muda. "Mwanangu," akaniuliza, "hiki kinatoa umeme au kinachukua?" Nikamwambia kinachukua, Papa. Akatikisa kichwa, akaenda kuvuta kamba ya jenereta.

Jenereta iliponguruma tukaingia kwenye shughuli. Vijana wa Lubumbashi walioiandaa seva walikuwa wamenitumia neno la siri kwa SMS: Tanganyika, T kubwa. Rahisi. Nikaandika Tanganyika. Imekataa. Nikaandika polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejaza fomu ya polisi. Imekataa. Mnajua neno la siri halionekani ukiliandika. Unapapasa gizani tu. Nikapata wazo la kuliandika kwenye nafasi ya jina, ambako herufi zinaonekana, na skrini ikanionyesha hivi: Tqngqnyikq.

Nililitazama lile neno kwa masikitiko makubwa. Jimbo zima limevunjwa meno. Sababu yake ni kwamba kibodi za nchi hii ni za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, ambako A imekaa mahali Waingereza na Wamarekani walipoweka Q, na W mahali walipoweka Z. Seva ilikuwa imeandaliwa ikiamini mezani kwake kuna kibodi ya Kimarekani. Ili niandike Tanganyika ilinibidi nibonyeze Tqngqnyikq, na hivyo ndivyo ninavyoingia mpaka leo. Kuna kijana wa mafunzo aliniona nikiandika, akadhani hilo ndilo neno la siri, akanisifu kwa jinsi lilivyo gumu kukisia.

Sasa programu. Tuliagizwa tuweke Zabbix, na niseme haki yake: ni programu nzuri na ni ya bure. Aliyeianzisha ni Alexei Vladishev, mtu wa Latvia, nchi ndogo ya baridi kule kwenye Bahari ya Baltiki. Alianza kuiandika mwaka 1998 akiwa mfanyakazi wa benki, akaitoa kwa umma mwaka 2001, na leo inatumika dunia nzima. Haina leseni ya kununua wala mtu wa kuhonga. Gharama yake kwa mtu wa Kongolo ni moja tu: kuifikisha Kongolo.

Maana programu hii haiji peke yake. Inataka hifadhidata, inataka programu ya kurasa, inataka PHP, na kila mmoja wao anakuja na ndugu zake, na ndugu wa ndugu zake, wote kwa intaneti ya dishi inayopimwa kwa kijiko. Upakuaji unafika katikati, wingu linapita, unaanza upya. Mwishowe nikamwomba mwenzangu wa Kalemie avipakue vyote kwenye flashi, naye akampa mwendesha pikipiki aliyekuwa anakuja kwa njia ya Nyunzu. Flashi ikalala njiani, ikavushwa kwenye matope, ikafika imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya soksi. Nimewahi kusoma habari za njiwa mmoja wa Afrika Kusini aitwaye Winston, ambaye Septemba 2009 alifungwa kadi ya GB 4 mguuni akarushwa kutoka Howick kwenda Durban. Alipofika na kadi ikasomwa yote, zilikuwa zimepita saa mbili na dakika chache, na mtandao alioshindana nao ulikuwa umepeleka asilimia 4 tu ya data hiyo. Waliosimulia walicheka. Mimi niliuliza njiwa anauzwa bei gani.

Flashi mkononi, nikadhani tabu imekwisha. Nikaamuru usakinishaji, mashine ikagoma, ikasema faili nilizoleta bado hazijaanza kutumika, nisubiri miaka kadhaa. Miaka! Nikatazama saa yake: iliamini tuko Januari 2012.

Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri ndogo ya duara, ukubwa wa sarafu, inaitwa CR2032. Kazi yake ni kuitunzia saa pale umeme unapozimwa. Ya seva hii ilikuwa imekufa, pengine njiani, pengine zamani kabla ya safari. Kwa hiyo kila umeme ukikatika, mashine inasahau miaka yote iliyopita, na umeme ukirudi inaamka ikiwa kijana. Mtandao ukiwepo inaweza kuuliza saa kwa wenzake wa nje na kujirekebisha, lakini dishi letu linachelewa kuamka kuliko seva, na katikati ya hapo mfumo unaandika vipimo vyake kwa tarehe za uongo. Ndiyo maana kwenye grafu zetu mtandao wa Kongolo ulifanya kazi vizuri sana Januari 2012, wakati ofisi yetu haikuwa imejengwa, na hata jimbo la Tanganyika lenyewe halikuwepo; lilikatwa kutoka Katanga mwaka 2015. Nimemweleza Shefu. Alichoniuliza ni mwaka huo 2012 tulifanya nini ambacho sasa hatufanyi.

Nimeomba CR2032. Kongolo nimezunguka soko lote. Kuna betri za redio, za tochi, za pikipiki, na za saa za mkononi zinazokaribia kufanana nayo ila ni nyembamba. Ombi langu liko Kalemie linasubiri sahihi. Fomu inataka nieleze ununuzi huo unachangiaje malengo ya mradi.

Kuna na hii habari ya saa za eneo. Programu inakuuliza uko wapi, inakupa orodha ya miji. Kwa Congo kuna miwili: Kinshasa na Lubumbashi, kwa kuwa nchi yetu ni pana na ina saa mbili tofauti, sisi wa mashariki tumetangulia kwa saa moja. Nikachagua Lubumbashi, kama inavyopaswa. Fundi wa Kinshasa aliyekuwa anakagua kwa mbali akabadilisha iwe Kinshasa, akaniandikia kwamba amenisaidia. Nikairudisha. Akaibadilisha. Tumeendelea hivyo kwa heshima zote.

Baada ya hapo inakuja kazi ya kuviunganisha vyombo, na hapa ndipo unakutana na SNMP. Hiyo ndiyo lugha ambayo ruta, swichi na printa hutumia kujieleza kwa msimamizi: nimewaka tangu lini, nimepitisha kiasi gani, wino umebaki kiasi gani. Iliandikwa mwaka 1988 na Wamarekani wanne, Jeffrey Case na wenzake, na wakati ule ilionekana ni kitu cha muda, cha kushikilia mpaka kije kilicho bora. Mwaka 1988 sisi tulikuwa Wazaire na mkoa wetu ukiitwa Shaba. Zaire haipo, Shaba haipo, na kile kitu cha muda kingali kinafanya kazi. Hilo halikunishangaza. Mtu aliyekulia katika nchi ambayo mpito wa kisiasa ulitangazwa Aprili 1990 anajua vitu vya muda vinavyodumu.

SNMP ina matoleo matatu, na matoleo hayo hayaelewani vizuri. Swichi yetu ya zamani inajua la kwanza na la pili. Shefu, kwa mujibu wa semina, anataka la tatu, lenye usalama. Nilipomwambia swichi hailijui alikasirika, kana kwamba ni mimi niliyeinyima elimu. Lakini watu wa Kongolo tuna uzoefu na vitu vya kazi moja visivyolingana. Reli ya kutoka Kindu hadi kwetu ilipoanza kazi mwaka 1911 ilikuwa na upana wa mita 1 kamili, na zile za Katanga ya kusini zilikuwa na milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne, na imewatoa watu jasho mpaka katikati ya miaka ya 1950 ndipo njia zikalinganishwa na behewa likaweza kwenda moja kwa moja. Kwa swichi moja ya ofisi sioni kwa nini tufanye haraka.

Kuhusu usalama wenyewe, nisiwafiche. Matoleo ya mwanzo yanatumia neno la kuingilia, na viwanda vingi vilitoa vyombo vyao vikiwa na neno hilohilo: public. Dunia nzima. Na Zabbix ukiisakinisha, jina la kuingilia ni Admin, A kubwa, na neno la siri ni zabbix, imeandikwa kwenye maelekezo yake kila mtu asome. Ni juu yako kubadilisha. Nilibadilisha vyote siku hiyohiyo. Nikafungua na milango inayohitajika, 161 kwa SNMP, 10050 na 10051 kwa Zabbix, kijana wa mafunzo akaniuliza kama haiogopeshi kuacha milango wazi. Nikamwambia chini kidogo ya mji huu mto Lualaba unabanwa kati ya miamba mahali ambapo Wabelgiji walipaita Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu, na tunalala usingizi.

Basi mfumo ukawaka. Ramani ikatokea, Kongolo ikawa kijani. Nikampigia Shefu, akashangilia. Kabla hajakata simu, Kongolo ikawa ya njano.

Tatizo lilikuwa hivi. Mfumo huu, kila baada ya muda, unavipigia vyombo hodi na kusubiri kuitikiwa. Kwa kawaida yake, hodi isipoitikiwa ndani ya sekunde 0.15, unatoa onyo. Hiyo ndiyo subira ya watu wa Latvia. Lakini intaneti yetu inapita kwenye satelaiti iliyoning'inia kilomita 35,786 juu ya ikweta. Hodi ipande, ishuke. Itikio lipande, lishuke. Safari ya kilomita zaidi ya 140,000, ambayo hata mwanga wenyewe, ukikimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, unaimaliza kwa karibu nusu sekunde. Pamoja na foleni za njiani ni sekunde 0.6 na zaidi. Kwa hiyo mfumo ulikuwa unalalamika, usiku na mchana, kwamba Mwenyezi Mungu ameumba mwanga mzito. Nikapandisha kipimo hadi sekunde moja. Shefu aliposikia akasema nimeshusha viwango.

Wako wanaosema tuhamie kwenye satelaiti za chini, zile za Starlink zinazoruka kilomita 550 hivi. ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilionya dhidi yake Machi 2024, kisha Mei 2025 ikatoa leseni. Mimi niko tayari. Bajeti ndiyo haijapewa leseni.

Juu ya njano kuna rangi nyingine. Zabbix hupanga matatizo kwa ngazi: taarifa, onyo, la wastani, kubwa, na ya mwisho kabisa, janga. Vijana wa Lubumbashi walikuwa wameweka kwamba ruta ya Kongolo isipoonekana, ni janga. Kila jioni, Papa Zamu anapozima jenereta kubana mazutu, Kalemie wanapokea janga. Asubuhi jua likichelewa kutoka mawinguni, janga. Mji huu umeona majanga ya kweli, wazee wanayajua kwa tarehe na kwa majina ya waliozikwa, na hakuna hata moja lililohusu kisanduku cha plastiki chenye antena mbili. Nikaishusha iwe taarifa tu. Ikaja barua ya kuuliza kwa nini Kongolo haina tena majanga.

Na taarifa hizo zinasafirije? Kwa barua pepe. Mtandao ukikatika, seva inaandika barua pepe ya kusema mtandao umekatika, inaisukuma kwenye mtandao uliokatika, inashindwa, inaiweka foleni, inaandika nyingine. Mtandao ukirudi, barua zote zinatoka kwa mkupuo, zinaufunga ule mtandao uliorudi, na Shefu kule Kalemie anasoma kwa mpangilio matatizo ambayo hayapo.

Nilidhani angalau ataelewa kazi ya mfumo ni nini. Siku moja simu ikalia.

"Fundi, Kongolo ni nyekundu."

"Ndiyo, Shefu."

"Kwa nini?"

"Mtandao umekatika, Shefu."

Kimya. Kisha: "Lakini mfumo si umeshawekwa?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tangu semina ile mkubwa wangu aliamini tumenunua kitu cha kuzuia mtandao usikatike. Nilieleza kwa upole kwamba kazi ya mfumo ni kutuambia. "Kwani ninyi mlio hapo hamjui?" akauliza. Tunajua, Shefu. Tunajua kabla yake, maana mara nyingi seva na mtandao vinazimika pamoja.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mfumo ulilijua na sisi hatukulijua, na natamani usingelijua. Una tabia ya kuutembelea mtandao peke yake na kuorodhesha kila kilichomo. Nilitarajia ruta, swichi, printa na kompyuta zetu chache. Ikaja orodha ndefu ya simu. Simu za wafanyakazi, haya. Simu za wasiofanya kazi hapa. Televisheni moja, ambayo nimeifuatilia mpaka nyumba ya tatu, nikaamua kutofika mlangoni. Na grafu ya usiku ilionyesha kilima, saa ambazo ofisi imefungwa na jenereta, kwa mujibu wa daftari, imelala.

Nikaketi na Papa Zamu kwenye benchi lake, nikamwonyesha kilima. Akakitazama kwa makini akitumia miwani yangu.

"Huyu ni binti yangu," akasema. "Yuko Lubumbashi, amejifungua. Usiku namtazama mjukuu."

"Na hiki kirefu zaidi, Papa?"

"Hiyo ni mpira."

Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mazutu ya saa hizo ananunua kwa franka zake, na dumu alilonionyesha lilikuwa kweli la rangi nyingine. Sasa niandike nini kwenye ripoti? Huyu ndiye anayefuta vumbi kwenye sola. Ndiye anayechomoa waya wa dishi radi zikianza, na radi za upande huu si za kuchezea: wataalamu waliozihesabu kwa satelaiti wameiweka Kabare, Kivu Kusini, ya kwanza Afrika na ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, radi 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sisi hatuko mbali nao kiasi cha kujisahau. Kituo chetu hakijaunguzwa swichi hata moja, na hilo si kwa sababu ya programu yoyote. Nikampa kilima kile jina rasmi: matengenezo ya usiku.

Mambo mengine ya mfumo huu yanachekesha yenyewe. Kwa mfano, kile kihesabio cha SNMP kinachosema chombo kimewaka kwa muda gani bila kuzimika huhesabu kwa vipande vya sekunde, mia kwa kila sekunde moja, na nafasi yake hujaa baada ya siku 497, kikaanza tena sifuri. Kuna mafundi wa Ulaya wanaolalamikia kasoro hiyo. Kihesabio cha Kongolo hakijawahi kuiona wiki ya pili.

Nilichofanya mwishowe ni kuupindua mfumo. Zabbix ina sauti: ukifungua ukurasa wake, kompyuta inaweza kulia tatizo linapotokea, na kulia kwa namna nyingine tatizo linapokwisha. Ile ya kwanza nimeifuta. Mtandao kukatika hakuna mlio, kwani nani asiyejua? Ile ya pili nimeiunganisha na kipaza sauti cha parokia ambacho kiko kwangu kwa matengenezo. Mtandao ukirudi, sauti inasikika mpaka barabarani. Mama mhasibu anaacha bukari, wanafunzi wanakuja mbio na simu, muuza mawese wa pembeni anapeleka ujumbe wake wa pesa, na kwa muda mfupi ofisi yetu inapendwa kuliko ofisi yoyote Kongolo. Kisha watu wanazidi, mtandao unalemewa, unakatika, kila mtu anarudi kazini.

Niliandika haya katika ripoti, kwa lugha ya ripoti. Haikujibiwa. Kilichokuja ni barua ya pongezi kwa kituo jirani, ambacho pia sitakitaja, kwa kuwa kijani tangu siku ya kwanza, mvua na jua, mchana na usiku. Nakala kwa vituo vyote, ili tuige mfano. Nilimpigia fundi wa huko, ndugu yangu katika shida, nikamuuliza siri. Akacheka mpaka mtandao wa simu ukakatika. Aliporudi hewani akaniambia ameiagiza seva yake ipige hodi kwenye 127.0.0.1 peke yake. Wasiojua namba hiyo wajue: ni anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Seva ya Kalemie yenye ramani inapokea kijani iliyotumwa mara moja na kubaki nayo, huku seva yake inajibishana hodi na karibu peke yake, nayo haijawahi kukosa kuwepo nyumbani. Amepewa cheti na fulana.

Mimi sitafanya hivyo. Ramani ya Shefu itaendelea kuonyesha Kongolo nyekundu usiku, njano asubuhi, kijani mchana jua likiwa kali, na nyekundu tena mazutu yakiisha, kwa sababu ndivyo Kongolo ilivyo. Nimeacha kuomba seva nyingine, mafunzo mengine na toleo la tatu la chochote. Ila kama kuna msomaji anayesafiri kutoka Kalemie wiki hii, kwa reli, kwa pikipiki au kwa miguu, namsihi anipitishie dukani: betri moja ya CR2032, si 2025, si 2016. Aiache kwa Papa Zamu. Pesa yake nitamrudishia siku hiyohiyo, bila fomu.